Mkwe Mbele ya Manowari

Nilikuwa na umri wa miaka kama ishirini na miwili, nina kofia niliyopewa na karani wa boma, na niliamini kwamba kutoka Ndandalo hadi ziwani hapakuwa na kijana wa kunifikia kwa akili. Nayasema haya mapema ili msije mkanionea huruma huko mbele. Nilikuwa nimebatizwa, najua kusoma, na Kiswahili nilikuwa nimekiokota kwa askari wa boma waliokuja nacho kutoka pwani. Kijijini kwetu wakati huo wengi walikuwa hawakijui, kwa hiyo kila nilipopata nafasi ya kukisema, nilikisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mzungu wa picha alifika wakati wa kiangazi, miaka mitatu hivi kabla ya vita. Wadachi tuliowazoea walikuja kutoza kodi, kuhubiri au kuchapa watu viboko. Huyu alikuja kutazama tu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka akipiga picha manowari za Kaisari wake, pamoja na mahali walipozikwa mabaharia wake, apate kutengeneza kitabu cha kuuza huko kwao. Zile manowari kubwa za pwani alikwisha kuzipiga. Yetu ndiyo iliyokuwa ndogo na ya mbali kuliko zote, na alikuwa ametembea majuma mengi kuifuata, jambo ambalo wazee wetu walilicheka mpaka wakashika mbavu.

Alihitaji mtu wa kumgeuzia Kiswahili chake kiwe Kinyakyusa. Karani akanitaja. Ujira haukuwa wa kujivunia, lakini Bwana aliahidi kitu nilichokitaka kuliko ujira: barua ya kunisifu kwa wamisheni, ili nipewe shule ya kufundisha. Kwa ajili ya barua hiyo ningeibeba hata manowari yenyewe kichwani. Nilibebeshwa sanduku la vioo vya picha, kwa sababu wapagazi hawakuaminiwa, nami nikateremka nalo kutoka boma, tukapita Ipyana, tukatokea Mwaya mchana wa siku ya pili. Njia nzima nilikuwa nikiwakaripia watu wapishe.

Pale Mwaya ndipo alipoolewa dada yangu. Alikuwa mkubwa wangu na ndugu yangu pekee. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, na dada ndiye aliyenilea, akinibeba mgongoni hadi shambani wakati yeye mwenyewe alikuwa bado mtoto. Baba naye alipofariki, nikawa mimi wa kusimama mahali pake katika mambo yote ya ukwe. Dada alikuwa na binti wa miaka mitatu hivi, mtoto wa maneno mengi, aliyeniita mjomba na kunivua kofia kila nilipoinama kumsalimu. Nilimpenda dada yangu. Hilo nalo nalisema mapema, maana katika yanayofuata halitaonekana.

Siku ya kwanza tulikwenda kuitazama manowari. Ilikuwa imetia nanga mbali kidogo na ufuko, kwa kuwa maji ya Mwaya ni ya kina kifupi, tukapelekwa kwa mashua. Tangu utotoni nilikuwa nikiiona ikipita na moshi wake, nikidhani ni kubwa mno. Nilipopanda nikaona inatosha watu wachache tu kabla hawajaanza kukanyagana. Bwana hakujali. Aliupapasa mzinga wa mbele kama mtu anayekagua ndama wa mahari, akapiga picha mzinga, akapiga picha usukani, akapiga picha hata kamba zilizokunjwa, na kila mara alijifunika kichwa kwa kitambaa cheusi huku miguu mitatu ya chombo chake ikiteleza sitahani. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwaambia mabaharia weusi wasipumue.

Chini kwenye tanuri nilimkuta mzee aliyekuwa baba mkwe wa dada yangu. Alikuwa ametia kuni katika meli ile karibu tangu ilipoletwa ziwani. Nyusi zake zilikuwa zimeungua hazikuota tena, na alikuwa mtu mpole kupita kiasi. Nilimwamkia, “Ugonile, tata,” akaitikia, akaniuliza habari za nyumbani kwetu mmoja mmoja, hata za ndama. Nilimjibu kwa ufupi, kwa sababu Bwana alikuwa akiniita juu.

Siku ya pili ilikuwa ya mnara wa ukumbusho. Palikuwa na kilima kidogo juu ya ufuko, na hapo Wadachi walikuwa wamejenga mawe, wakaweka nanga kuukuu juu yake na bamba la shaba lenye majina ya wazungu waliokufa wakiwa na kazi katika manowari. Wengi waliuawa na homa, mmoja alizama. Bwana alivua kofia, akasoma majina kwa sauti, polepole, na askari aliyetusindikiza akasimama wima. Wakata kuni wa meli waliokuwa wamepumzika karibu, nao wakasimama, kwa kuwa hawakujua kama kukaa kungewaletea viboko.

Mzee wa tanuri alikuwa hapo pia, amepewa ruhusa ya siku ile. Alinijia taratibu akaniomba nimuulize Bwana kama jina la mwenzake limo. Alikuwa na mwenzake, mtia kuni kama yeye, aliyeunguzwa na mvuke akafa siku tatu baadaye kwenye mkeka, na walimzika nyuma ya kilima hichohicho. Sikumuuliza Bwana. Nilimjibu mwenyewe, kwamba shaba ni ghali. Mzee akaitikia kwa kichwa, akanishukuru, “Ndaga.” Bwana alipotaka kujua tunasema nini, nilimwambia kwamba mzee anausifu mnara.

Basi Bwana akapendezwa naye. Alisema mnara bila mtu ni mawe tu, na kwamba wasomaji wake wangependa kumwona baharia mzee mweusi amesimama kando ya nanga, manowari ikionekana nyuma yake majini. Akampanga mzee upande wa kushoto. Kisha akasema upande wa kulia panabaki patupu, anataka mwanamke mwenye chungu, kana kwamba anamletea mzee maji.

Wanawake walikuwapo, wameleta ndizi za kuuzia mabaharia, na dada yangu alikuwa miongoni mwao. Lakini yeye alikuwa amejibanza migombani, mgongo umetuelekea, nguo imefunika kichwa. Bwana alimwona, akauliza yule ana nini, ni mgonjwa?

Ningeweza kusema ndiyo, ni mgonjwa. Neno moja, na maisha ya watu wanne yangeendelea kama kawaida. Lakini nilikuwa na hamu ya kuonyesha kwamba mimi si mshenzi, kwamba najua desturi za wenzangu na nimezipita. Nikacheka, nikamweleza kila kitu.

Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake. Akimwona anakuja njiani, huingia migombani, akachutama na kujifunika mpaka mzee apite. Haingii nyumbani mwake, wala halitaji jina lake. Mzee naye ana wajibu wake: akikaribia hukohoa, ili mwanamke apate nafasi ya kujificha. Wakitazamana uso kwa uso ni kosa kubwa. Kosa hilo huoshwa kwa ng'ombe, na wa kumpeleka ni baba wa mwanamke, au aliye mahali pa baba, aende kwa mguu wake na kuomba radhi mbele ya watu. Lisipooshwa, mwanamke hapiki wala halali tena katika mji ule, maana watu wanaamini balaa litawaangukia watoto.

Nilimsimulia Bwana yote hayo kwa Kiswahili safi, na nilipomaliza nikaona uso wake umechangamka. Akasema hicho ndicho hasa alichokuwa akikitafuta. Manowari, mnara, na mbele yake washenzi wawili wanaoacha ushenzi wao. Akamwamuru askari amlete mwanamke.

Dada aliletwa ameshikwa mkono. Aliponiona nimesimama kando ya chombo cha picha, alipata matumaini, niliyaona wazi. Alidhani nipo pale kumtetea. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Ndugu yangu, mwambie yule ni mkwe wangu.”

“Anajua,” nikasema.

Picha ya kwanza iliharibika kwa sababu dada alijifunika uso. Askari akamvua nguo ya kichwani, akaitupa mbali, akamtwika chungu cha maji. Ya pili iliharibika kwa sababu ya mzee. Alikuwa amesimama kama alivyoagizwa, mkono juu ya nanga, lakini macho ameyafumba, amekaza kope kama mtu aliyeingiwa na mchanga. Bwana akamwambia afumbue. Akafumbua, akatazama mbinguni. Bwana akamwambia atazame mwanamke. Akafumba tena. Askari akamchapa kiboko cha miguu, mara moja, kisha mara mbili, na mzee hakulia wala hakufumbua. Dada naye alikuwa amekaza macho kwenye vidole vyake mwenyewe, chungu kinatetemeka kichwani, maji yanammwagikia shingoni. Wakata kuni wote walikuwa wamegeuka kutazama ziwa, kwa heshima, wasije wakaona.

Bwana akaanza kukasirika. Vioo alivyobakiza ni vichache, jua linapanda, na alinitazama kana kwamba kosa ni langu. Nikaiona barua yangu inapotea. Hakuna aliyeniagiza nilichofanya baada ya hapo. Askari hakuniagiza, wala Bwana hakuniagiza. Nilikibuni mimi.

Nilipaza sauti kwa Kinyakyusa: “Mshikeni mtoto, nanga inamwangukia!”

Wote wawili waliruka. Chungu kilivunjika. Waliinama kwa pamoja chini ya mawe, pale katikati yao, mikono imenyooshwa, macho yamekodolewa. Hapakuwa na mtoto. Binti wa dada alikuwa kule mashuani na jirani, anakula ndizi. Palikuwa na nyuso zao mbili tu, karibu kiasi cha kupeana maji. Bwana akabonyeza mpira wa chombo chake cha picha, akatoka chini ya kitambaa akicheka kwa furaha, akanipiga bega.

Mzee alijifunika uso kwa mikono miwili, akateremka kilima bila kuniangalia. Dada alikaa chini penye vigae vya chungu. Nilimwokotea nguo yake, nikamwambia ni picha tu, haiumi.

“Umemtumia mwanangu,” akasema.

Kesho yake jioni alifika Ndandalo na kikapu kimoja, peke yake. Hakufukuzwa kwa matusi. Mama mkwe wake alimtengea chakula njiani, akamlilia, akamwambia arudi kwao mpaka yaoshwe. Mtoto alibaki, kwa kuwa mtoto ni wa kwa baba yake. Alikuwa ameshikiliwa mlangoni, anapiga mateke, na dada alitembea kutoka Mwaya hadi kwetu, maziwa yake yakiwa yamekauka zamani, lakini akishika kifua njia nzima.

Haikupita wiki, mzee akatuma mtu. Ujumbe wake nimeushika neno kwa neno: “Aje ndugu yake, hata na ndama. Aseme, yaishe.” Mjumbe akaongeza kwa hiari yake kwamba mzee hali vizuri na hataki kukaa penye jiko la mtoto wake.

Ng'ombe nilikuwa nao. Walikuwa zizini, walewale wa mahari ya dada. Nilimjibu mjumbe kwamba mimi ni Mkristo, na Mkristo hapeleki ng'ombe wa kuoshea macho. Lilikuwa jibu zuri, watu waliliheshimu. Ukweli ni kwamba sikumuuliza mmisheni yeyote. Niliogopa angeniruhusu. Kwa kuwa kwenda na ng'ombe kulimaanisha kusimama mbele ya ukoo wa watu na kusema kwa mdomo wangu nilichofanya pale kilimani, na mwalimu mtarajiwa hasemi mambo kama hayo.

Barua ilinisaidia. Nilipewa shule huko Busale, kibanda chenye paa la nyasi na watoto kumi na wachache, na dada akaja kunitunzia nyumba. Alilima mpunga wangu, akanipikia, akanifulia. Baada ya miezi mingi, boma likaniletea bahasha kutoka kwa Bwana, na ndani yake ile picha. Manowari haikutoka vizuri, ilikuwa doa tu juu ya maji. Majina ya shaba hayakusomeka. Waliotoka vizuri ni wale wawili, kila kunyanzi, kila jino. Nikaitundika ukutani. Wageni walipokuja niliwaonyesha, nikawaeleza jinsi picha inavyopigwa na jinsi Bwana alivyonisifu. Dada alifagia chini yake kila asubuhi kwa karibu miaka miwili, na sikuwahi kumwona ameinua macho.

Sikuitundika kwa ukatili. Niliitundika kwa majivuno, na nadhani hilo ni baya zaidi, kwa sababu mkatili angalau huwa anamkumbuka anayemuumiza.

Kila mara baada ya mavuno alikuwa akienda hadi mwisho wa mashamba ya Mwaya na kusimama huko, amwone binti yake akicheza. Hakumkaribia, kwa kuwa mji ule ulikuwa na balaa lake. Mara ya mwisho alirudi akaniambia kwamba mume ameoa, na mtoto anamwita yule mwanamke mama. Aliniambia huku akipepeta mchele, nami nikamwambia Mungu ana makusudi.

Vita vilipokuja, manowari ilikuwa imevutwa nchi kavu upande wa mashariki wa ziwa, inatengenezwa. Meli ya Waingereza ikaifuata huko huko, ikaipiga mizinga ikiwa haina hata maji chini yake, na Wadachi wake wakakamatwa. Mzee alikuwapo, na kuni zake. Alikimbia, akarudi kwao kwa miguu chini ya milima, akikata kona za ziwa, akilala kwa wavuvi, na alifika Mwaya anakohoa damu. Habari hizo zilinifikia Busale wakati nami mambo yalikuwa yamenigeukia. Shule ilifungwa, walimu walikuwa wakikamatwa kubeba mizigo ya jeshi, na mimi nilikuwa nalala mashambani. Ualimu uliokuwa umenizuia kwenda kuomba radhi haukuwapo tena. Ndipo nikagundua kwamba sasa dhamiri yangu inaniruhusu.

Dada aliposikia kwamba nitapeleka ng'ombe, aliacha jembe lake palepale. Usiku huo alioga, akajipaka mafuta, na kulipopambazuka alikuwa amefunga kikapu chake, amekaa mlangoni ananingoja.

Nikamngojesha. Ng'ombe pekee aliyenibakia alikuwa mwekundu, amekonda kwa ukame, pembe moja imevunjika. Nikaona nitachekwa. Nikasema sitakwenda kwa wakwe na kitu kama kile baada ya miaka yote hiyo, watasema nimewadharau. Nikaenda hadi kwa rafiki yangu upande wa pili wa mto kubadilishana, nikampa wangu na mpunga juu yake, nikapata jike jeupe, nene, la kupendeza macho. Shughuli hiyo ilichukua siku mbili. Siku zote hizo dada alikaa mlangoni na kikapu chake, na kila niliporudi alisimama.

Tulipokaribia Mwaya tulisikia vilio. Dada alisimama mashambani, kwa kuwa alikuwa bado hajaoshwa. Mimi nikaendelea na ng'ombe. Kwetu wakwe wakija mazikoni huja na ng'ombe wa kuchinja, ndiyo heshima, kwa hiyo nilipotokea na yule mweupe, vijana wawili wakaja mbio wakapokea kamba mkononi mwangu kabla sijafungua kinywa. “Ndaga fijo,” wakasema, asante sana. Nilitaka kuwaambia kwamba huyu si wa maziko, huyu ni wa jambo lingine. Nikatazama kaburi la mzee. Walikuwa wamekwisha kufukia, wanashindilia udongo kwa miguu. Nikanyamaza, na watu wakamsifu ng'ombe.

Alichinjwa mbele yangu. Binti wa dada, amekuwa mrefu, alikuwa akicheza ngoma ya msiba pamoja na watoto wenzake, akanipita bila kunitambua. Nilipewa paja, kwa kuwa mkwe aliyeleta ng'ombe mzuri hupewa paja, nikalibeba begani hadi mashambani alikosimama dada.

Alilitazama. “Ng'ombe mzuri,” akasema. “Mzee angempokea hata yule wa pembe iliyovunjika.”

Nikamwambia kesho nitazungumza na mumewe, au na ndugu wa marehemu, hapakosi njia.

“Wa kunisamehe mmeshamfukia,” akasema.

Akachukua paja akaliweka kichwani, juu ya kikapu, tukarudi. Kwa kuwa hatukuwa tumekula tangu jana yake, tulipofika alikoka moto, akakata nyama, akaipika kwa chumvi tupu, akanitengea mimi sahani nzima na kukaa pembeni akinitazama. Nilikula. Nilikuwa na njaa, na nyama ilikuwa laini.